Wanagombania Nini Uani kwa Halima

Mlangoni kwa wifi yangu Tatu kuna ndoo mbili. Moja ina maji, nyingine ina udongo mkavu uliochekechwa. Mgeni akiziona hudhani mwenye nyumba anafinyanga vyungu. Sisi tunaoishi huku Kilambo tunajua kwamba Tatu ni mtu wa mbwa, na kila akiguswa na mate ya mbwa hujiosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa madrasa, ndipo asogelee mkeka wa kusalia. Hujiosha taratibu na haruki hata mara moja. Hata hivyo wanawake wenzetu wakikaa kwenye maulidi au msibani, humwachia nafasi pembeni yake, nafasi ya mtu mzima kukaa. Hakuna anayesema neno. Mimi huiendea nikaikalia makusudi, nikajipanua vizuri, ili wapate cha kunong'ona.

Aliolewa na kaka yangu akitokea Mtawanya, pembeni ya mji wa Mtwara. Nyumba ya kwao ilikuwa karibu na machinjio, na utoto wake wote aliishi na mbwa waliokuja kugombania matumbo. Aliona wanaume wazima wakiingiza mkono katikati ya mbwa wawili na kuutoa bila kidole. Aliona pia kwamba fimbo ndiyo inayochochea moto, maana mbwa aliyemkamata mwenzake akipigwa mgongoni haangalii nani kampiga. Anadhani ni yule yule aliye mdomoni mwake, anazidi kukaza meno.

Alipokuja huku bondeni alikuta kila mwenye shamba la muhogo ana mbwa. Nguruwe pori hutoka kwenye matete ya mto Ruvuma wakafukua shamba zima kwa mara moja, na dini haikatazi mbwa wa kulinda shamba. Lakini hakuna aliyetaka kuwagusa. Mbwa wakipigana, watu walisimama mbali, wanarusha mawe na mayowe, na mbwa wanafurahia kelele kama wachezaji wa mpira. Siku hizi wakishikana, mtu anakimbilia kwa Tatu. Atatoka na gunia la korosho lililoloweshwa maji, vifuniko viwili vya sufuria na ubao wa mlango wa zamani aliougongomea mpini. Hakimbii na wala hapigi kelele. Na akishawaachanisha, kila mmoja kwenye kona yake asimwone mwenzake, huuliza swali lile lile: "Wanagombania nini?"

Kwa mawazo yake, mbwa wana kitu wanachogombania kila mara. Kama si mfupa ni jike, kama si jike ni mlango mwembamba, au ni mtu. Ukikipata kile kitu ukakiondoa, hutahitaji gunia wala ubao. Mimi nilikuwa namtania kwamba angezaliwa mwanamume wangempa ukadhi. Sijamtania hivyo tangu yale ya uani kwa Halima.

Mzee Ismaili, mume wa Halima, alikuwa na mbwa wawili. Huku kwetu mbwa hupewa majina ya kuwasema majirani. Mmoja, mwekundu mkubwa, aliitwa Hayawahusu. Wa pili, mweusi mwenye sikio lililokatika, aliitwa Tutaona. Sudi, ndugu yake Ismaili anayekaa nyumba ya pili, alijua fika kwamba majina yale yamelengwa kwake, na Ismaili alipowaita mbwa kwa sauti ya juu, Sudi alifunga dirisha kwa kishindo. Kila adhuhuri, akitoka msikitini, Ismaili alikaa uani kwenye gogo la mkorosho lililoegemea ukuta wa jiko. Halima akimaliza kupakua alikuja kukaa naye. Mbwa walilala huku na huku, kila mmoja kwenye kishimo chake alichokichimba mwenyewe, na miaka yote ile hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombana.

Ismaili alikufa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, usingizini, bila kumsumbua mtu. Sudi alishika usukani wa msiba. Kwa kuwa watu wangekaa uani na kusalia pale pale, aliamuru uwanja wote utoharishwe. Vijana wakafukia vishimo vya mbwa, wakamwaga maji mara saba, moja yenye udongo, wakafagia mpaka pakang'aa. Gogo nalo likapasuliwa, likapikia pilau. Hakuna aliyeona ubaya, na hata mimi ningekuwepo ningeshika ufagio.

Siku ya tatu, wakati watu wanakula, mbwa wale wakashikana pale ukutani. Sinia zilipinduka. Sudi, ambaye mambo yote huyamaliza kwa nguvu, alimdaka Hayawahusu kwenye ngozi ya shingo, na mbwa akageuka akamng'ata kiganja hadi upande wa pili. Alipakiwa kwenye bodaboda kwenda mjini kuoshwa jeraha na kuanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa. Alirudi na bandeji, na neno moja alilolisema mbele ya watu: mbwa wale wakirudia kupigana siku ya khitma ya arobaini, atawapa nyama yenye sumu, na asitokee wa kumzuia.

Hapo ndipo roho ya Halima ilipoanza kwenda juu. Hana mtoto. Alichoachiwa ni shamba la muhogo bondeni, na walinzi wa shamba lile ni mbwa wale wawili. Akiwa bado yuko eda, hatoki ndani. Mbwa wakifa leo, nguruwe watamaliza muhogo kabla hajavua kaniki ya eda, na baada ya muhogo hakuna kingine cha kula katika nyumba ile. Alituma mtu amwite Tatu. Nami nikafuatana naye, kwa sababu kaka yangu yuko mjini anapakia saruji na wifi hapaswi kutembea msibani peke yake. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona.

Tuliongea naye kupitia dirisha la chumbani, yeye gizani ndani, sisi uani kwenye jua.

"Shikamoo, mama. Pole sana," alisema Tatu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuita kwa ajili ya wale."

"Wanapigana wakati gani?"

"Nchana. Watu wakishatoka nsikitini."

"Pale pana chakula? Au kuna kitu kimefukiwa?"

"Hapana kitu. Si unaona palivyofagiliwa?"

"Sasa wanagombania nini?"

Halima alisogea karibu na dirisha. Kisha akasema, "Msinicheke. Hawagombanii kitu. Wanangombania ntu."

Sikucheka. Tatu alitandika gunia kivulini mbali na ukuta, tukakaa kungoja.

Adhuhuri ya msimu ule ina ukimya wake. Upepo hukatika, mikorosho inasimama kama imeambiwa isitikisike, na vumbi la salfa lililopulizwa asubuhi mashambani hushuka taratibu hadi majumbani. Uani kwa Halima lilikuwa limetanda jembamba, la njano, na harufu yake inakaa kooni. Kuku walikuwa wanachakura karibu na jiko. Ghafla wakaacha, wakaenda upande wa pili wa nyumba, wote. Mbwa walikuwa wamelala mbali, mmoja chini ya kichanja cha vyombo, mwingine nyuma ya choo. Waliinuka pamoja.

Nilitegemea kuona mbwa wenye hasira. Hawakuwa na hasira. Masikio yalikuwa yamelala nyuma, mikia iko chini inapepea, na miili inajipinda kwa furaha, kama mbwa anavyompokea bwana wake. Walikwenda hadi ukutani, wakakaa, wakainua macho. Hawakutazama ukuta wala juu mtini. Walitazama mahali palipo na hewa tupu, kimo cha uso wa mtu aliyeketi.

Tutaona alijaribu kusogea karibu zaidi. Mkia wa Hayawahusu ukaacha kupepea. Mwili wake ukakakamaa, mdomo ukafumba, na hakutoa mlio wowote.

"Anaanza sasa," Tatu alininong'oneza. "Anayebweka hanitishi. Huyu aliyenyamaza ndiye."

Wakashikana. Tatu aligonga vifuniko vya sufuria mara moja, kwa nguvu, karibu kabisa. Hawakusikia. Akawamwagia ndoo ya maji puani, Hayawahusu akapaliwa, akaachia, na hapo hapo gunia bichi likamfunika kichwa na ubao ukashuka katikati yao. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya Tutaona, kumdaka miguu ya nyuma, juu ya magoti, kumwinua kama toroli na kurudi kinyumenyume nikizunguka ili asipate kugeuka kuning'ata. Nilifanya hivyo huku nikisoma kila dua niliyowahi kufundishwa na nyingine nilizotunga pale pale. Tukawatenganisha kwa kipande cha ukuta wa mabua tulichokisimamisha katikati.

Niliogopa, lakini si kwa sababu ya meno. Tulipokuwa bado tunahema, nilimwona Tutaona upande wangu akikatiza macho uani. Kichwa chake kiligeuka polepole kutoka ukutani, kikafuata kitu, kikaishia kwenye mlango wa nyuma wa nyumba. Nikachungulia upande wa Tatu. Hayawahusu alikuwa anatazama mlango ule ule. Juu ya lile vumbi la njano kulikuwa na nyayo za mbwa na zetu, basi.

Toka dirishani Halima akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndo kashaingia ndani."

Nilitaka kwenda nyumbani. Nilimwambia Tatu wazi kwamba kazi hii si yetu, ni ya mwalimu wa madrasa. Akaniambia mwalimu asome na yeye afanye lake, hakuna kinachozuia. Tukawapeleka mbwa bondeni, tukawafunga kwenye kibanda cha shamba. Kesho yake adhuhuri walikuwa wamerudi, vipande vya kamba vinaburuzika. Tukawafungia stoo, wakajirusha mlangoni mpaka ufizi ukatoka damu. Tatu akawalisha mbali mbali, akawatembeza mbali mbali mpaka ndimi zikaning'inia. Jua likifika utosini, ni ukutani tu. Na arobaini inakaribia, na Sudi akipita njiani anaikagua bandeji yake ili tuione.

Siku moja Tatu aliacha kuwatazama mbwa akaanza kuutazama uwanja.

"Wifi, miaka yote hawakugombana," aliniambia. "Nini kimebadilika?"

"Mzee amekufa. Unauliza jua liko wapi?"

"Hilo kwao halijatokea," alijibu. "Kitu kingine."

Akaenda dirishani kumuuliza Halima, na Halima akamsimulia kuhusu vishimo vilivyofukiwa na gogo lililopikia pilau. Tatu alijishika kichwa. Watu walikuwa wametoharisha uwanja wakafuta mahali pa kila mbwa. Kila mmoja alikuwa na kwake, na katikati palikuwa na gogo na mwenye gogo. Sasa kila kitu kimesawazishwa, na bwana wao yuko pale, kwa hesabu yao, bila mpaka wowote. Nani akae karibu?

Akachukua jembe. Halima akamwelekeza kutoka gizani: kulia kidogo, rudi, hapo hapo. Akachimba vishimo viwili, akatia ndani ya kila kimoja gunia ambalo mbwa husika alikuwa analalia. Adhuhuri mbwa walinusa, kila mmoja akasimama kwenye kishimo chake, na mimi nikaanza kumshukuru Mungu. Kisha Hayawahusu akavuka katikati, kwa kuwa hapakuwa na cha kumzuia, tukarudi kwenye ndoo ya maji. Tulijaribu gogo jingine. Walilinusa wakalikojolea.

"Panataka ntu," alisema Tatu. Alisema kwa sauti ndogo, nikajua ameliona jambo hilo siku nyingi na alikuwa akilikwepa. "Naogopa, wifi. Sijawahi kuogopa mbwa maishani, na si mbwa ninaowaogopa."

Arobaini ikafika. Tatu alikuja alfajiri, akawalisha mbwa mapema, akawaomba wapishi wasitupe mfupa hata mmoja, akahamishia watoto nyumba ya jirani. Ubao aliuegemeza ukutani, gunia bichi likakaa karibu yangu. Khitma ilisomwa, wanaume barazani, wanawake ndani pamoja na Halima, madirisha yamefungwa kwa sababu ya moshi wa jikoni. Baada ya sala ya adhuhuri wanaume wakamiminika uani kula. Sudi alikaa mbele kabisa, na kando ya mguu wake mfuko mweusi wa plastiki umefungwa fundo. Kila mtu alijua ndani mna nini.

Tatu alipita katikati ya wanaume wale akiwa na jamvi dogo. Kuna aliyeguna. Alilitandika ukutani, katikati ya vishimo viwili, akakaa. Alinieleza mapema kwamba hufanywa hivyo kabla mbwa hawajafika tu. Wakishashikana, kukaa katikati ni wazimu.

Upepo ukakatika. Kuku wakaondoka. Watu waliokuwa wakizungumza wakajikuta wamenyamaza, bila kuambizana, na matonge yako mikononi.

Mbwa walikuja kwa ile furaha yao. Hayawahusu akasimama kwenye kishimo cha kulia kwa Tatu, Tutaona kushoto. Wakamtazama Tatu. Hapana, sikusema sawa. Walitazama begani kwake upande wa kulia, juu kidogo. Hawakulala. Mkia wa Hayawahusu ukaanza kusimama. Nilishika gunia. Sudi akainama kuufungua mfuko.

Nikamwona Tatu akigeuza uso kidogo kulia, kama mtu aliyeguswa kiwiko na mwenzake kwenye benchi. Rangi ilimtoka. Baadaye aliniambia alisikia joto mkononi, joto la mtu aliyetoka juani, na hajawahi kuongeza neno zaidi ya hilo. Akajivuta kushoto. Alijivuta mpaka upande wake wa kulia pakabaki nafasi ya mtu mzima kukaa.

"Samahani, baba," alisema. "Karibu."

Hayawahusu alilala. Tutaona naye akajizungusha kwenye kishimo chake, akalala, akashusha pumzi ndefu ambayo uwanja mzima uliisikia. Wanaume wakaendelea kula. Sudi alikaa na mfuko wake umefunguliwa nusu, anatazama ile nafasi karibu na Tatu, na machozi yakaanza kumtoka, yeye ambaye hata makaburini hatukuona akilia. "Kaka," alisema. Akafunga mfuko, akaenda nao chooni, na aliporudi mikono ilikuwa mitupu.

Tatu aliendelea kwenda kukaa pale kila adhuhuri hadi eda ilipokwisha, upande ule ule wa kushoto. Mbwa hawakugombana tena, na usiku walishuka bondeni kama zamani. Hatukumweleza Halima kwa nini Tatu alikaa upande. Wanawake waliokuwa ndani siku ile hawakuona kitu, na wanaume walioona hawalizungumzii, hata Sudi.

Siku Halima alipotoka eda, alioga, akavaa kanga mpya, akaja uani kwa mara ya kwanza. Tatu alikuwa ameshakaa jamvini, upande wake wa kushoto, kama kawaida. Alipomwona alitaka kuinuka ampishe mwenyewe, akae katikati.

"Katikati nitankalia nzee," alisema Halima. "Mimi nlikuwa nakaa hapo hapo ulipo. Jisogeze tu."

Tatu akajisogeza. Tutaona, bila kuitwa, akaburuta gunia lake akasogea naye, ili pawe na nafasi. Halima akakaa, bega lake likagusana na la wifi yangu, na wala hakuacha pengo baina yao. Upande wa pili aliacha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kahawa. Halima alinitazama akaniambia nilete vikombe vinne.